Tambi Fupi za Renboy

Kila asubuhi, kabla bati la nyumba yao halijaanza kulia kwa joto, Jovelyn alikuwa ameshafagia uwanja, ameshajaza ndoo mbili kwenye pampu ya mtaa, na ameketi na mama yake kutunga ndizi kwenye vijiti. Ndizi hizo Mama alizikaanga kwa sukari na kuziuza mbele ya kanisa la San Isidro. Jovelyn alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya watu wazima wengi.

Lakini Jumamosi ile mikono ilikuwa mizito, na mdomo ulikuwa umevutwa mbele.

"Mdomo huo naweza kuutundikia ndoo," Mama alisema. "Una nini leo?"

"Sina kitu."

"Haya. Asiye na kitu atamaliza ndizi, kisha akate vibendera. Wageni watafika saa kumi."

Wageni walikuwa wa Renboy, mdogo wake. Siku hiyo alitimiza miaka saba, na kwa watu wa mtaa ule mwaka wa saba haupiti hivihivi. Tena mwaka uliotangulia homa ya dengue ilimlaza Renboy hospitalini siku tisa, na Mama alirudi nyumbani amekonda kama yeye ndiye aliyeugua. Kwa hiyo ingawa Baba alikuwa mbali akikata miwa na fedha hazikuwa nyingi, Mama alikuwa amejibana tangu Pasaka. Kutakuwa na soseji nyekundu, nusu kwa kila mtoto, zimechomekwa kwa vijiti kwenye kabichi zima ili zionekane nyingi. Kutakuwa na vibendera vilivyokatwa kutoka madaftari ya zamani. Na juu ya yote kutakuwa na tambi, tambi ndefu za chumvi, kwa sababu mtu akila tambi ndefu siku yake ya kuzaliwa naye huishi miaka mirefu.

Jovelyn naye alikuwa na siku yake. Tatizo ni kwamba alizaliwa tarehe ishirini na sita Desemba. Kila mwaka ilipofika, sufuria la Krismasi lilikuwa bado jikoni, na lazima mtu mmoja angesema, "Jovelyn, si ulikula jana?" Wote wakacheka. Hata yeye alicheka. Ila kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Aliketi uwanjani na mkasi, akakata vibendera. Kisha akaanza kufunga zawadi kwenye chanja ya fito za mianzi, ambayo ingetundikwa kwa kamba na kushushwa juu ya watoto ili waruke na kunyakua. Pipi, biskuti, penseli, kofia ya karatasi. Kila fundo alilolifunga, alilifunga kwa kijicho.

Renboy alikuja akiruka kwa mguu mmoja. "Dada, hiyo penseli nyekundu iweke upande wangu!"

"Pande zote ni zako leo. Hata hewa ni yako."

"Kweli?" Renboy akavuta pumzi ndefu, akajaza mashavu. "Basi nimeshaichukua yote!" Akakimbia akicheka.

Jovelyn hakucheka. Aliingia jikoni kutafuta uzi. Mama alikuwa amekwenda sokoni, na Bibi alikuwa nje akiosha kabichi. Mezani palikuwa na bunda la tambi limezungushiwa gazeti, jembamba na refu, kama kitu cha mfalme. Yeye hakuwahi kufungiwa bunda kama lile, hata siku moja. Mkasi ulikuwa mkononi.

Alifungua gazeti na kukata katikati. Kret! Akaweka nusu juu ya nusu, akakata tena. Kret! Akakata mara ya tatu. Kisha akafunga gazeti vizuri kama lilivyokuwa, akatoka na uzi wake. Kwa muda mfupi kifua kilikuwa chepesi. Kisha kikawa kizito kuliko mwanzo.

Mama aliporudi, Bibi alifungua gazeti.

"Consing," akamwita Mama kwa jina. "Njoo uone."

Mama aliangalia tambi zilizolala pale kama vijiti vya kiberiti. Uso ukambadilika. "Bi Pasing! Ametuuzia makombo! Anajua ni za mtoto aliyetoka kuugua, halafu ananifungia takataka kwenye gazeti?" Akavaa ndala zake. "Leo mtaa mzima utasikia!"

Jovelyn alisimama mlangoni, mgongo umegusa mhimili. Bi Pasing alikuwa mtengeneza tambi wa mtaa, na mtu mwaminifu.

Renboy naye aliingia. Alichukua tambi moja, akaleta rula yake ya shule, akaipima polepole juu ya meza huku ulimi umetoka nje kidogo.

"Bibi," alisema, "hii inafika miaka mingapi? Inafika minane?"

Akaigeuza rula, akapima tena.

"Saba nimeshaifikisha," Renboy alisema tena, sauti imepungua. "Kwa hiyo utabaki mmoja tu?"

"Mama, usiende!" Jovelyn alipiga kelele. "Si Bi Pasing. Ni mimi. Nimezikata mimi kwa mkasi!"

Mama akageuka, ndala moja mguuni na moja mkononi. Bibi akamshika kiwiko. "Subiri. Mwache kwanza aseme."

Na Jovelyn akasema, machozi na makamasi pamoja. "Kila mtu ana siku yake! Yangu inaliwa na Krismasi! Kila mwaka mnaniambia nilikula jana, na mimi sijala kitu changu hata siku moja. Renboy ana chanja, ana vibendera, ana tambi, na vibendera vyenyewe nimekata mimi!"

Mama aliketi kwenye benchi. Ndala ikaanguka chini.

"Inday," Bibi alisema. Ndivyo wakubwa wanavyowaita wasichana mtaani kwao, na Bibi hulitamka jina hilo taratibu anapotaka kusikilizwa. "La siku yako tutalizungumza, na lina ukweli. Lakini sasa tuna la tambi. Aliyekata ndiye atakayeunga."

"Tambi haziungwi, Bibi."

"Basi nenda kwa Bi Pasing ukamwambie hivyohivyo."

Nyumba ya Bi Pasing ilikuwa mwisho wa njia, uwanja wake umejaa chanja za mianzi zilizotandikwa tambi nyeupe juani. Jovelyn alieleza yote akiangalia vidole vyake vya miguu, hata lile la mama yake kutaka kuja kugomba.

"Eee!" Bi Pasing alisema, mikono imejaa unga. "Kwa hiyo nilikuwa naletewa vita bila taarifa! Mimi, niliyeanza kuvuta tambi mama yako akinyonya! Na wewe unataka nini, nikupe nyingine ukazikate vizuri zaidi?"

"Nataka nifanye kazi, Bi. Kazi yoyote. Halafu unipe bunda moja."

Bi Pasing akamwonyesha ndoo ya maji. "Nawa mikono. Mpaka kwenye viwiko."

Jovelyn alifanya kazi tangu saa nne hadi saa nane. Alishika kijiti kimoja, Bi Pasing akashika kingine, na donge la unga lililokuwa nene kama kidole likavutwa, likavutwa, mpaka likawa nyuzi nyingi nyembamba zinazotetemeka.

"Taratibu! Unavuta ng'ombe?" Bi Pasing alifoka. "Ukivuta kwa hasira inakatika. Ipe muda, itakuja yenyewe."

Saa saba wingu jeusi lilitokea upande wa mlima. Bi Pasing alianza kukimbia, na Jovelyn akakimbia naye, akibeba chanja moja baada ya nyingine hadi chini ya paa, mikono imenyooka, pumzi ameizuia ili tambi kavu zisivunjike. Tone la kwanza lilimpata begani akiwa na chanja ya mwisho.

"Umevunja tatu," Bi Pasing alisema baada ya kukagua. Kisha akachagua bunda refu kuliko yote, akalizungushia gazeti. "Libebe kama mtoto aliyelala. Na mwambie Consing namsalimu, ndala zake azivae kanisani."

Mvua ilipokatika Jovelyn alirudi nyumbani hatua kwa hatua, bunda mikononi, hakuruka hata dimbwi moja.

Saa kumi uwanja ulijaa watoto. Bibi aliinua tambi za kwanza juu sana kwa uma, na Renboy akapanda juu ya benchi kuipokea moja kwa mdomo bila kuing'ata. Aliivuta mpaka macho yakamtoka na mchuzi ukamchirizika hadi kitovuni.

"Imefika mia!" alipaza sauti. "Mia na kumi!"

Ilipofika zamu ya chanja, Jovelyn ndiye aliyeshika kamba. Watoto waliruka na kupiga kelele, naye akaipandisha, akaishusha, akaipandisha. Mara moja tu, Renboy alipokuwa chini ya penseli nyekundu, kamba "ilimteleza" kidogo. Hakuna aliyeona, isipokuwa Bibi.

Jioni wageni walipoondoka, Mama alipika zile tambi fupi kwa mchuzi wa madodoki machanga, ambayo kwao huliwa kama mboga. Chakula hakitupwi. Jovelyn alijipakulia mwenyewe.

"Mwanangu," Mama alisema, "nimehesabu miezi. Tarehe ishirini na sita Juni wewe unakuwa na miaka kumi na mmoja na nusu. Hakuna Krismasi karibu, hakuna kitu cha kuimeza. Siku hiyo itakuwa yako. Sahani kubwa hakuna, lakini tambi zitakuwepo. Tulikosea kukucheka. Ungeniambia."

"Na mimi nitakukatia vibendera," Renboy alisema. "Lakini mkasi atanishikia Mama."

Wote walicheka, na safari hii kicheko hakikumkaa Jovelyn kooni.

Bibi alichota tambi moja fupi kutoka bakuli la Jovelyn, akaiinua mwangani. "Wivu hauna aibu kuusema, Inday. Ukiusema, watu wanakusikia kama tulivyokusikia leo. Ukiuficha, unashika mkasi. Lakini shika hili moja: ukikata tambi ya mwenzio, yako hairefuki."

Akaitia mdomoni, akaitafuna.

"Sasa maliza bakuli. Za kesho zimebaki, na za kesho kutwa."