Mdogo Wangu Alisema Hatuna Haraka

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mjane, mwalimu mstaafu. Wazazi wangu walitoka Unguja, mimi nikazaliwa na kukulia Ibra, huku Omani, na mpaka leo nyumbani kwa mama yangu tunasema Kiswahili. Haya ninayowaelezeni nimeyafungia kifuani tangu mume wangu alipofariki. Leo nimechoka kuyabeba...

Mume wangu, Nasor, alikuwa mtu wa milimani, upande wa Dima wa Tayyin. Kijiji chake sitokitaja. Nilipostaafu tulihamia huko, kwenye mitende ya marehemu baba yake. Tulikuwa na raha zetu! Ila njia ya kutoka ilikuwa moja tu, nayo ilikatiza katikati ya wadi, bonde la mto wa msimu. Siku za ukavu unapita na gari juu ya changarawe. Mvua ikinyesha mlimani, maji hushuka kwa kishindo, na aliyeko ng'ambo hubaki huko huko mpaka yapungue.

Kisha figo za Nasor zikaharibika. Ikawa lazima tumpeleke hospitali Ibra kila mara akasafishwe damu. Akikosa, mwili humvimba na pumzi zikambana.

Hapo ndipo niliposhukuru kuwa na Khalfan. Huyu ni mdogo wangu, kitinda mimba, mtoto wa kiume pekee kwa mama. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Alikuwa amechaguliwa mjumbe wa baraza la manispaa, na mwaka ule baraza lilikuwa likae kuamua mambo gani yatangulie kupelekwa kwa wajumbe wa Shura, baraza la taifa, ili wayadai Maskati. Yasiyotangulia husubiri.

Wanakijiji walitaka waende wenyewe barazani wakaombe daraja. Nasor akawazuia. Akawaambia tuna mtu wetu ndani, tusimtie aibu kwa makelele. Akamwita Khalfan nyumbani, tukamwekea kahawa na tende, akamweleza yote.

"Shemegi, daraja lako ndilo la kwanza," Khalfan alimwambia, kamshika mkono. "Nikinyamaza mimi, nani atasema?"

Baada ya kikao alitupigia simu. Akasema kapigania mpaka sauti imemkauka, lakini wenzake wamemshinda. Wametanguliza bustani ya mji na taa za barabara ya kwendea kambi za watalii jangwani. Nasor ndiye aliyempa pole! Akamwambia asivunjike moyo.

Msimu ule mvua zilikuja vibaya... Wadi ilijaa siku ya kwenda hospitali. Nasor alikuwa ameshavaa kanzu safi na kofia, kakaa kibarazani anasubiri. Maji hayakupungua. Kesho yake akavaa tena, akakaa pale pale. Tulipiga simu kila mahali. Helikopta ilikuja, tukaisikia juu yetu, lakini mawingu yalikuwa yameufunika mlima, ikarudi.

Siku iliyofuata hakuweza tena kujivalisha. Akaniomba nimvalishe mimi. Nikamwambia maji bado yamejaa.

"Nivalishe tu," alisema. "Yakipungua tusichelewe."

Alifariki mchana ule ule, kichwa chake begani kwangu, wadi inanguruma mbele yetu.

Hivi mnajua uchungu wa kumvua maiti nguo alizovaa kwenda kutibiwa?

Nikakaa eda. Wanawake wakaja kunipa mkono wa taazia, na mmoja wao alikuwa Bi Zuwena, mjumbe mwenzake Khalfan barazani. Alilia kuliko wengine, mpaka nikaanza kumbembeleza mimi.

"Nisamehe, dada," alisema. "Tungelijua kuna mgonjwa kule, tungelitanguliza daraja. Lakini ndugu yako alituambia kazungumza na nyinyi, na nyinyi wenyewe mmesema hamna haraka."

Hamna haraka! Na Nasor kibarazani?

Sikumwambia mtu. Mama alikuwa amekuja kukaa nami, na moyo wake ni dhaifu. Khalfan akawa anakuja kila wiki na mchele, samaki na matunda. Anakaa, ananiuliza nini kimepungua, anamrehemu shemegi yake. Nami nakila chakula chake, maneno ya Bi Zuwena yamenikaa kooni. Eda nzima!

Nilipotoka eda nilimfuata kwake. Hakukana. Alisema alikuwa anataka kugombea Shura, na kura nyingi ziko mjini, kule kwetu ni nyumba chache tu. Alidhani atapata kiti kwanza, kisha atujengee daraja yeye mwenyewe, tumshukuru. Mvua, alisema, hakuijua.

Nikamuuliza: basi mbona aliwatajia sisi? Kwa nini asiseme ni rai yake?

Aliinamisha kichwa. "Nilijua hamtokwenda kuuliza, dada."

Na kweli... hatukwenda.

Kiti alikipata. Daraja nalo limejengwa, wanakijiji wamemchinjia mbuzi, wanamuombea dua. Mama ananisihi tupatane, nami siku ya Idi nampa mkono mbele yake, basi. Mvua ikinyesha, namsikia Nasor kibarazani akikohoa. Natoka kumtazama. Kila mara natoka!

Wasomaji wenzangu, nakuombeni msipite njia yetu. Mkimtuma mtu akawasemee, hata awe damu yenu, hata awe mmemlea, nendeni mkakae kwenye kikao hicho. Mkizuiliwa, mtafuteni mwengine aliyekuwamo, mumuulize kwetu palisemwa nini, na nani alisema. Msione haya, wala msiogope kuambiwa hamuaminiani. Ulizeni mapema, wote mngali hai. Mimi jibu lilinijia nikiwa ndani ya eda.