Kura ya Bibi Aidah

Kila jioni akitoka shule, Trinah alivua viatu, akala viazi vilivyobaki mchana, kisha akaketi kwenye ngazi za nyumba yao katika mtaa wa Gikondo kuwasubiri wajinga wake. Ndivyo alivyowaita kimoyomoyo watu wazima wa mtaa waliokuja na simu zao za kugusa, wakimwomba awasomee hiki na kuwatumia kile. Walimwita mwalimu, msichana wa miaka kumi na mitatu, naye kichwa kikamvimba.

Wiki ile walikuja wengi kuliko kawaida. Mvua ilikuwa imebeba kivuko cha mtaro, na mtaa ulikuwa umepata vifaa vya kujenga daraja moja tu. Je, lijengwe juu, karibu na maduka, au chini, mbele ya nyumba ya Bibi Aidah? Zamani jambo kama hilo liliamuliwa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu walijipanga mistari kufuata upande wanaoutaka, kila mmoja akaonekana aliposimama. Lakini kiongozi wa mtaa, Bwana Munyaneza, alikuwa amehudhuria semina moja ya teknolojia, na tangu siku hiyo hakushikika. Safari hii aliamuru kura zipigwe kwenye kundi la WhatsApp, apate cha kujisifia mbele ya wakubwa wake. Wazee wasiojua kubonyeza hawakumkosesha usingizi hata kidogo.

Bibi Aidah, fundi cherehani, alikuwa na kidonda cha mguu kisichopona. Ili afike zahanati kusafishwa, ilimbidi avuke mtaro juu ya mbao mbili zinazocheza, huku akishikiliwa na jirani. Alimpa Trinah simu aliyonunuliwa na mwanawe.

"Nibonyezee chini, mjukuu wangu. Chini, umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Trinah alijua kwamba daraja la juu lingemfikisha haraka kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Akamtazama yule bibi, miwani imefungwa kwa uzi, mdomo wazi akiishangaa simu yake mwenyewe. Huyu hata hajui kura inakwenda wapi, akawaza kwa dharau. Akabonyeza juu. Akakigeuza kioo upande wake haraka, Bibi asikione. Majirani wengine wa chini walipoleta simu zao, akawafanyia vivyo hivyo, na safari hii hakujisumbua kukigeuza kioo.

Jumamosi, majembe yalipowekwa chini, Munyaneza alipanda juu ya jiwe, tumbo mbele, simu mkononi.

"Juu imeshinda! Kwa kura chache, lakini imeshinda."

Bibi Aidah akainuka kwa shida. "Nami nitavukia wapi? Mimi na majirani zangu wote tulichagua chini."

"Mama Aidah, usitupotezee muda. Matokeo iko hapa." Munyaneza aliinua simu kila mtu aione. "Jina lako hili, umechagua juu. Simu haidanganyi. Hii simu iko na akili kuliko wewe!"

Vijana waliangua kicheko. Mmoja akasema kwamba kikongwe amechanganyikiwa. Bibi Aidah aligeuka huku na huku, kisha akasema polepole, "Labda nilisahau."

Trinah aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Dharau aliyoificha moyoni siku zote sasa aliisikia ikitoka mdomoni mwa Munyaneza, na ilinuka.

"Hajasahau!" alisema kwa nguvu. "Ni mimi. Aliniambia chini, nikabonyeza juu. Na wengine wa chini niliwafanyia hivyo hivyo."

"Mana we!" Mama yake Trinah, Générose, alijishika kichwa akimwita Mungu.

"Lakini matokeo nimeshayatuma kwa wakubwa!" Munyaneza alilalamika, kana kwamba uongo ukishatumwa hugeuka kweli.

"Basi utawatumia mengine," alijibu Mzee Bayingana, mmoja wa waliodanganywa. "Simameni, tujipange."

Watu wakajipanga mistari miwili. Mstari wa chini ukawa mrefu hata ukapinda kwenye kona. Munyaneza naye akaanza kuupiga picha, bila shaka ili akawaeleze wakubwa kwamba wazo lilikuwa lake.

Mkutano ulipokwisha, Trinah alimfuata Bibi Aidah, machozi yakimtoka. "Nisamehe, Bibi."

"Daraja ningelikosa, ningevumilia," alisema Bibi Aidah. "Kilichoniuma ni kwamba ulipoona sijui simu, ukadhani sijui ninachotaka. Nilikukabidhi sauti yangu, ukaitumia kusema yako. Huo ni wizi, hata kama hukubeba kitu. Ukijua jambo ambalo wenzako hawalijui, hapo ndipo uaminifu wako unapopimwa."

"Sitarudia, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini simu yangu hutaishika tena. Kesho uje uketi kando yangu, mikono yako mgongoni, unielekeze kwa mdomo tu, mpaka nijue kubonyeza kwa kidole changu mwenyewe."