Shokapu za Tajudin

Siku ya soko mjini Bariadi, duka la spea la jirani na stendi lilifurika watu. Asumini, mpika keki wa Somanda, alipenya katikati yao na dera lake la samawati lenye unga wa ngano mikononi, akaweka kiganja juu ya boksi lililokuwa kwenye kaunta.

"Shokapu za mbele za gari langu, Succeed. Nazichukua hizi."

"Hizo ni za Probox yangu, dada," sauti ikajibu kando yake. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, ananukia udi. "Nimeshalipia."

Mwenye duka akacheka. "Hakuna aliyekosea. Hizo gari zenu ni mtu na nduguye, shokapu zao ni zile zile. Ila limebaki boksi moja, na Tajudin amewahi."

Asumini akasonya. Tajudin, muuza vitambaa wa minadani, akatabasamu. "Nipe namba yako. Mzigo ukija kutoka Mwanza nikupigie."

"Kwani wewe ndiye mwenye duka?"

"Siyo. Lakini nitapiga."

Akapiga jioni ile ile, na shokapu hakuzitaja hata kidogo. Tangu hapo zikawa simu za asubuhi na za mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeonja keki tu."

"Ndiyo maana sauti yako tamu."

Asumini akawa anakanda unga huku anacheka peke yake, mpaka mama yake akamuuliza kama unga siku hizi una vichekesho.

Mzigo wa Mwanza haukuja. Succeed, shokapu zake zimechoka, ikazidi kudunda kwenye kila shimo, na hapo ndipo alipopata kazi kubwa kuliko zote: keki ya harusi Lagangabilili, ghorofa tatu, mbele ya wakubwa wa wilaya. Ikifika imebomoka, nani angempa kazi tena? Akaliacha gari kwa fundi Mwandu, likazwe nati za chini angalau.

Asubuhi ya harusi, gari limesharudi na keki imeshapakiwa, jirani yake Esteria, anayeshona nguo mkabala na gereji, akaja kumnong'oneza.

"Yule Tajudin wako jana alikuwa chini ya gari lako. Amefungua shokapu akapeleka kwenye Probox yake. Nimeona kwa macho yangu."

Damu ikampanda Asumini. Akapiga simu.

"Jana ulifungua shokapu za gari langu?"

"Nilifungua. Lakini subiri, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi."

Akakata, akazima simu. Hata kulia hakuwa na nafasi. Akashika barabara ya vumbi, kila shimo anauma mdomo akingoja kusikia keki ikiporomoka. Shimo la kwanza, kimya. Korongo, kimya. Gari lilizama taratibu na kuinuka taratibu, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Lagangabilili alifika na ghorofa zote tatu zikiwa wima, mama wa bibi harusi akapiga vigelegele.

Asumini akatoka nje, akapiga magoti na gauni lake la hariri, akachungulia nyuma ya gurudumu. Shokapu zilikuwa mpya, nyeusi, zinang'aa.

Kabla hajawasha simu, Probox ikaingia uwanjani ikirukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Tajudin akashuka ameshika kiuno, shati jeupe limekuwa rangi ya barabara.

"Umenipa zako," Asumini akasema kwa sauti ndogo.

"Na zako zimenivunja mgongo. Nimekufuata maana simu umezima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

Asumini akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya mtandio wake. "Nisamehe, Taju. Nimekuhukumu kabla sijakusikiliza."

"Nilishakusamehe kabla sijamaliza nusu ya njia. Nusu iliyobaki nilikuwa nawaza jambo jingine." Akamshika mkono. "Asumini, nataka wazee wangu waje kwenu. Nataka nikuoe."

Ngoma zilikuwa zimeanza ukumbini. Asumini alicheka, machozi yakimtoka.

"Baba yangu mgumu," akasema.

"Awe mgumu. Nitakuja."

Asumini akawasha simu, akampigia mama yake.

"Mama, Jumamosi tupike pilau."

"Ya watu gani tena hao?"

Akamtazama Tajudin, ambaye alikuwa bado anajinyoosha kiuno.

"Ya wakwe, mama."