Harufu ya Mbao za Kale

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliosoma kutuzidi, nawaomba mnisikilize. Haya nitakayoeleza mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine niliyanusa kwa pua yangu, na mpaka leo nikiyakumbuka mate hunijaa mdomoni nikataka kutema.

Kwenye kona ya mtaa wetu ipo nyumba ya zamani ya ghorofa, ya mawe na chokaa, kuta zake nene hata kelele za barabarani hazifiki ndani. Humo alikuwa akiishi bibi mmoja mjane, fundi cherehani wa siku nyingi, aliyewashonea nusu ya watu wa mtaa huu sare zao za shule. Kila asubuhi alikuwa na kazi yake. Alifungua madirisha ya mbao, akachukua kitambaa chenye tone la mafuta, akapangusa reli ya ngazi kutoka juu hadi chini, polepole, kama anayempaka mafuta mtoto mchanga. Akimaliza huketi dirishani kutuchokoza tunaopita.

"We Mama Wasichana! Mbona kilemba kimeenda upande, nani kakukimbiza?"

Mama Wasichana ndiye mimi, kwa sababu nina mabinti wawili. Nacheka, naweka kilemba sawa, naenda zangu. Siku yangu ilianza hivyo.

Bibi magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Choo cha nyumba ile kiko mwisho wa korido ya juu, na kukifikia lazima upande vidato viwili virefu. Basi seremala wa mtaani alimwekea kishikio ukutani, kipande cha mbao kilichopigwa msasa mpaka kikawa laini, kimekazwa kwa skrubu mbili. Bibi akikishika, anapanda, anashuka, hamwiti mtu. Alikisifia kile kishikio kuliko wajukuu zake.

Hapo ndipo kikaja Chama cha Kuhifadhi Nyumba za Kale.

Sitaki kusema uongo, chama chenyewe kilianza vizuri. Kilimzuia tajiri mmoja asibomoe nyumba ya jirani na kujenga ghala. Kilikusanya picha za wazee wetu, kikawafundisha watoto nani alijenga nini. Nami nikapata kibarua cha kupiga deki kwenye nyumba zao. Ubaya haukuwa kwenye chama. Ubaya ulikuwa kwa katibu wake, na katibu wake alikuwa mtoto wa kumzaa wa yule bibi.

Huyu bwana alikuwa akiishi na mkewe kwenye nyumba mpya, ya vigae na maji ya moto, upande wa pili wa mji. Kwa mama yake alikuwa hafiki ila kwa nadra, akija na haraka zake. Alipopata ukatibu tukamwona kila wiki. Tukasema, afadhali, mtoto kamkumbuka mama. Kumbe kakumbuka kuta.

Alitundika mlangoni kibao cha shaba: NYUMBA HII INAHIFADHIWA. USIGUSE. Kuanzia siku hiyo neno lake likawa hilo moja. Mtoto akiegemea mlango, usiguse. Mimi nikitaka kusugua doa, usiguse. Watu wa mtaa wakalifanya jina lake. Akipita wanasema, "Usiguse huyo anakuja."

Siku moja alipanda juu na futi ya kupimia na orodha yake, mimi nikiwa nadeki korido. Akafika kwenye kishikio.

"Mama, hiki nini?"

"Mguu wangu wa tatu huo, baba."

"Hakikuwepo nyumba ilipojengwa. Si cha asili. Kitaondolewa."

Bibi akacheka. "Nyumba ilipojengwa na mimi nilikuwa na magoti ya asili. Yarudishe hayo kwanza."

Mwanawe hakucheka. Akaandika kitu kwenye orodha yake. Kesho yake akamleta seremala yuleyule aliyekikaza. Seremala akasimama na bisibisi mkononi, hataki.

"Bosi, nikikitoa hiki, mama atashika nini?"

"Atashika ukuta."

"Ukuta haushikiki, bosi. Ukuta unaegemewa."

"Fundi, unatoa au nimwite mwingine?"

Akatoa. Matundu mawili yakazibwa kwa chokaa, yakapakwa rangi iliyochanganywa kwa ustadi hata ukisogeza uso huoni kitu. Katibu akapiga picha ule ukuta. Nasikia aliwaonyesha wenzake kwenye mkutano, akapigiwa makofi. Kishikio chenyewe alimwambia fundi akakitupe.

Toka siku ile Bibi akawa anakwenda chooni kwa kutambaa. Nasema kutambaa, wazazi wenzangu, kwa mikono na magoti, mwanamke aliyewavisha watoto wetu. Na mimi nilimwona nikageuka kando, kwa kuwa nilidhani ndiyo heshima.

Baadaye wakaanza kuja wageni wa kutazama. Chumba cha mbele, kulekule juu, kikafungwa kamba nene nyekundu katikati. Upande wa huku wanasimama wageni, upande wa kule kikawekwa kiti cha zamani chenye mto wa hariri, na cherehani ya Bibi mbele yake, ile ya kuzungusha kwa mkono. Na kwenye kiti akawekwa Bibi.

"Mama, wewe ndiye uhai wa nyumba," mwanawe akamwambia. "Kaa tu. Zungusha mkono wa cherehani. Usiinuke mpaka watoke."

"Haina uzi."

"Hawataangalia uzi."

Basi anakaa, anazungusha cherehani isiyo na uzi, saa moja, saa mbili. Wageni wanamnong'onea katibu, "Anasikia?" Kana kwamba wanauliza habari za saa ya ukutani.

Siku hizo nilikuwa nampelekea maji ya kunywa. Akawa anayarudisha.

"Kunywa Bibi, joto hili."

"Leo kuna wageni, mwanangu. Siku ya wageni sinywi. Na jana yake pia sinywi."

"Kwa nini?"

Akaniangalia kama anayemwonea huruma mtu mjinga. "Nikinywa nitataka kwenda. Nikitaka kwenda nitatambaa mbele za watu. Wewe ungekunywa?"

Nilishuka ngazi nikamfuata katibu uani. Nikamwambia kwa adabu, "Kaka, mama hanywi maji. Rudisha kile kishikio, ni skrubu mbili tu."

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndoo. "Dada, wewe kazi yako ni sakafu."

Nikanyamaza. Andikeni na hilo, nilinyamaza. Nilirudi kwenye sakafu.

Kilichonitoa kwenye ule ukimya hakikuwa ujasiri. Siku moja nimetoka kazini nakuta mabinti zangu wanacheza. Mdogo ameketi kwenye kigoda, ameganda, macho mbele. Mkubwa amefunga kamba ya kuanikia nguo kutoka mlangoni hadi kwenye meza.

"Mnacheza nini?"

"Bibi wa maonyesho," mkubwa akasema. Walikuwa wamepelekwa na mwalimu kutazama.

Mdogo akasema bila kugeuza shingo, "Mama, nataka kukojoa."

Dada yake akamkemea, "Bibi haongei!"

Niliikata ile kamba kwa kisu. Usingizi haukunijia. Nilikuwa nawaza hawa ndio watakaonilea mimi, na tayari wamefundishwa.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku kubwa. Walikuwa wanakuja wakaguzi wa kutoa cheti cha nyumba za urithi, watu saba wa kutoka mbali wenye madaftari, na viongozi wote wa chama wapo. Katibu alikuwa amevaa suti. Mama yake alikuwa ameshakalishwa kabla sijafika, na wageni wakachelewa. Mimi na seremala, ambaye alikuwa ameitwa kukaza dirisha moja, tulikuwa tumesimama nyuma karibu na mlango. Bibi alikuwa na homa, nilimwona midomo imekauka. Nikataka kumsogelea. Katibu akanikazia macho kwa hasira: usiguse.

Wakaguzi wakaingia. Katibu akaanza hotuba yake, urithi, urithi, mababu, mababu. Katikati ya hotuba chumba kikaanza kunuka. Kwanza kidogo, halafu kwa ukali, ile harufu ya mkojo wa mgonjwa unaochoma pua. Wageni wakaanza kutazamana. Mmoja akaweka leso puani.

Na huyu mtu, wazazi wenzangu, huyu mtu aliyenyonya ziwa la yule mama, akatabasamu akasema, "Mnaisikia? Hiyo ndiyo harufu ya mbao za kale. Nyumba mpya hazina harufu hii."

Wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaandika kwenye daftari. Wallahi, nilimwona akiandika.

Ndipo cherehani ikanyamaza. Bibi akainua uso, akasema kwa sauti ndogo lakini kila mtu alisikia:

"Si mbao. Ni mimi. Nimejikojolea."

Katibu akacheka, kicheko cha meno matupu. "Mama anapenda utani," akasema. Kisha akaona tone likidondoka kutoka kwenye kiti. Akaruka kamba. Nikasema moyoni, afadhali, damu imemwita. Akachomoa leso yake mfukoni, akapiga goti pembeni ya mama yake, akaanza kufuta kiti.

Kiti. Alifuta mguu wa kiti, akafuta ukingo wa mto wa hariri, akasema kwa meno yaliyokazwa, "Inuka basi, Mama, inuka, kitaharibika." Mama yake hakuweza kuinuka, maana hakuwa na cha kushika.

Nikamwona kiongozi mmoja wa chama, mzee mtu mzima, anageuka dirishani na kuegemea kizingiti kama anayetaka kutapika. Mama mmoja mkaguzi aliiondoa kamba kwenye ndoano yake, akaiacha ianguke, akaenda kumshika Bibi mkono. Mimi nikamshika wa pili. Alikuwa wa moto kama birika. Seremala akambeba mgongoni, tukashuka naye ile ngazi aliyoipangusa maisha yake yote. Katibu anatufuata nyuma, "Taratibu na hiyo reli! Taratibu na reli!" Seremala akasimama katikati ya ngazi na Bibi mgongoni, akageuka.

"Bosi, sema tena neno hilo."

Hakulisema.

Hospitalini daktari alitueleza kwa maneno mepesi. Bibi alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda hadi kwenye figo, kwa kukaa na kiu na kujibana muda mrefu. Akauliza kama kwao hakuna maji. Alilazwa siku nyingi, na figo moja haikurudi sawa.

Alipotoka nilimchukua kwangu, chumba cha chini kisicho na vidato. Hata begi lake sijafungua, seremala akabisha hodi. Ndani ya gazeti alikuwa na kile kishikio. Hakukitupa, alikuwa amekificha chini ya benchi lake la kazi. Akatoboa ukuta wangu karibu na kitanda cha Bibi bila kuniuliza, akakikaza. Bibi akakishika, akainuka kitandani mwenyewe, akaingia chooni, akafunga mlango. Tulisimama nje kama watu wazima wasio na kazi, tukasikiliza maji yakimwagika, na seremala akalia.

Chama kilimvua katibu cheo chake wiki ileile, na kikabadilisha kanuni: nyumba yenye mtu, mtu anahesabiwa kwanza. Cheti hakikutoka. Nyumba imefungwa, na kwa kuwa hakuna anayefungua madirisha wala kupangusa reli, chokaa inamenyuka na popo wamehamia. Ukipita pale sasa inanuka kweli, na safari hii ni mbao.

Mwanawe alikuja kwangu mara moja tu. Alisimama mlangoni, hakuketi. "Mama, rudi nyumbani. Nyumba inakufa bila wewe."

Bibi alikuwa ananyolewa nywele kwa mchezo na binti yangu mdogo, kwa mkasi usiokata. "Hapana, baba," akamwambia. "Huku ninaguswa."

FUNZO

Wazazi wenzangu, kuhifadhi si kosa. Nyumba za wazee wetu zitunzwe, picha zao zitunzwe, na mimi bado napiga deki kwenye nyumba nyingine za chama kile na nafurahi watoto wakija kutazama. Lakini mtu anayeweza kuona ufa mwembamba kama unywele kwenye ukuta na asione mama yake anatambaa, huyo ananitia kinyaa kuliko harufu yoyote niliyowahi kuisugua. Na aliyeona akanyamaza kwa kuogopa kibarua, kama mimi, naye ana sehemu yake. Sijajisamehe. Watoto wetu hawasikilizi tunayosema juu ya wazee, wanaangalia tunavyowaweka, kisha wanacheza mchezo huohuo nyumbani mpaka wawe wakubwa wa kuucheza na sisi.

Kama una mzee nyumbani, leo kabla hujalala muulize kama amekunywa maji. Asipokunywa, muulize sababu, ukae chini uisikilize. Kisha tafuta fundi, utoboe ukuta.