Uzi wa Nne

Uzi wa utumbo wa mbuzi hausikiki kwenye gitaa la besi la umeme, kwa sababu sumaku zake hushika chuma tu. Ghizlane alilijua hilo. Alipougusa uzi wa nne, ambao ndio huo wa utumbo, spika ikanguruma.

Angeuondoa palepale, ila alikuwa amechoka kuhangaika. Besi yake ilikuwa ya shingo fupi, maana mikono yake ni midogo, na wenzake wa bendi walikuwa wamekubaliana kulegeza nyuzi ili sauti iwe nzito kabisa. Nyuzi za kawaida zikilegezwa hivyo zililala kama kamba ya kuanikia nguo. Akanunua nyuzi nene za besi ndefu. Ule wa nne ukajikunja kwenye kigingi cha kukazia ukakatika. Badr, mpiga ngoma wao, hakumficha.

"Dada, kwenye onyesho la Ijumaa tusipokusikia tutatafuta mtu mwingine. Nisamehe."

Ndipo mzee Laarbi, muuza vyombo vya muziki vikuukuu pale Meknes, Moroko, alipomtolea ule uzi, mnene kama mkia wa panya. Ulitoka kwenye gimbri, zeze la ngozi lenye shingo ndefu, ya Mgnawa mmoja marehemu, mmoja wa wale wanaopunga majini kwa muziki.

"Huu ulipigiwa wenye majini," alisema akicheka. "Lakini nyie na makelele yenu, jini gani atavumilia?"

Alasiri hiyo, spika iliponguruma, chumba kikanuka ngozi mbichi. Kwenye kochi, mama yake, Lalla Rqia, ambaye kwa miaka sita hakuinuka bila fimbo, akasimama na kuanza kucheza.

"Mama, keti. Magoti yako."

Mama hakusikia. Ghizlane akaondoa vidole kwenye uzi, nao ukaendelea kupiga. Akachomoa waya wa umeme, ukaendelea. Akakizungusha kigingi aulegeze, na kadiri sauti ilivyoshuka ndivyo mgongo wa mama ulivyoshuka nao, mpaka paji la uso likawa linagonga vigae, ngo, ngo, damu ikichirizika, naye hata kope hapepesi. Na binti alipokimbilia koleo ili aukate, meno ya koleo yalipougusa tu uzi, kooni mwa mama ukatokea mstari mwekundu, mwembamba, kama wa kisu, Ghizlane akalitupa koleo na kuanguka magotini, akilia bila sauti.

Jirani aliyesikia vishindo akamwita Maalim Bujmaa, tabibu wa Kignawa, akaja na gimbri yake begani. Akaichungulia besi.

"Nani kaufunga?" akanong'ona.

"Mimi, Maalim."

"Uliomba ruhusa kwa mwenyewe?"

"Sikujua una mwenyewe."

Maalim akainama sikioni mwa Lalla Rqia. "Unataka nini, bwana mkubwa?"

Sauti iliyotoka kinywani mwa mama ilikuwa ya mwanamume. "Mmenifunga mahali pafupi. Nabanwa. Nimejinyoosha ndani ya huyu mama, naye hanitoshi. Nipeni shingo ndefu."

"Nitamhamishia kwenye gimbri yangu," Maalim akamwambia Ghizlane. "Lakini uzi ukifunguliwa, kabla sijaufunga, lazima mtu aushike ncha zote mbili. Usiuachie hata ukikuuma."

"Na mama?"

"Ukiuachia, mama ndiye atakayekatika."

Maalim akaufungua, Ghizlane akaushika. Uzi ulikuwa wa moto na ulipumua. Kitu kikampanda mkononi, kikapita begani, kikatulia chini ya taya kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Hakuuachia. Maalim akaivuta ncha moja, kisha ya pili, akazifunga kwenye gimbri.

Lalla Rqia akalala chini, akafumbua macho, akaomba maji. Ghizlane akambusu viganja, asijue aache lini kulia.

Kesho yake akapata nyuzi za chuma zilizotengenezwa kwa besi fupi, nene na laini kukunjika. Zikakaa vigingini sawasawa, zikanguruma bila kulegea. Ijumaa, akivaa kwa ajili ya onyesho, simu ikaita. Alikuwa Maalim.

"Binti yangu, uko peke yako?"

"Mama yupo jikoni. Anaimba."

"Nimeupiga uzi wako siku mbili. Ni mtulivu mno." "Hamna mtu ndani yake. Kile ulichokishika, kilihamia kwangu kweli?"

Ghizlane alikuwa mbele ya kioo, shati amelifunga vifungo vyote, na kati ya kola na kidevu alikuwa akipima upana wa vidole vinne vya ngozi ya shingo ambayo jana haikuwapo.