Alikuwa Akiitika Tukimwita Daktari

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na tunaishi mtaa wa Mbotela, mimi na mama peke yetu. Nina haya hata ya kumjibu mwalimu darasani. Lakini hili nikilinyamazia litanipasua moyo!

Mama ni fundi wa cherehani. Macho yake ndiyo chakula chetu. Yalipoanza kumsumbua, alikimbilia kwa jirani yetu, Mutua. Majirani wote walimwita Daktari. Kila jioni alirudi kutoka mjini na koti jeupe mkononi, na tena ni mtu wa kwetu Machakos. Nani angemshuku?

Mimi nilimshuku...

Mbona dawa yake ilikuwa miwani tu? Mbona hakuwahi kummulika mama ndani ya jicho? Na daktari gani ana vidole vilivyochubuka kama vya seremala?

Mama akaanza kugonga milango kwa bega. Alisema anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba. Mutua akamletea miwani mingine, mizito zaidi.

Jumamosi moja nilimfuata. Hakuingia hospitali... aliingia duka la miwani! Nikachungulia mlango wa nyuma. Alikuwa ameinamia mashine ya kusaga vioo, na tajiri wake anampigia kelele, "Fundi, miwani ya yule mzee bado?"

Nilimweleza mama. Akacheka!

"Fundi ama daktari, si wote ni wa macho? Wewe Mwikali unachunguza watu kama askari kanjo!"

Nililia, nikamsihi twende hospitali. Akasema namwaibisha kwa watu wa kwetu.

Halafu asubuhi moja sindano ya cherehani ikampenya kidole. Hakuwa amekiona. Hapo ndipo alipokubali.

Daktari wa macho alimulika, akapima, akatueleza. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, na hakuna miwani ya kulirudisha. La kulia linashikiliwa na dawa ya matone...

Nilipomkabili Mutua, hata hakuinamisha kichwa. "Mimi nilisema lini ni daktari? Si ni nyinyi mlioniita?"

Kweli, tulimwita. Lakini aliitika! Kila siku aliitika!

Mwenzangu, usione koti jeupe ukatulia. Muulize mtu kazi yake: anatengeneza miwani, anapima, ama anatibu? Akikasirika, mwache na hasira zake. Mpeleke mama yako hospitali wakati bado anaiona njia.