Sauti Iliyomtangulia Carmel

Pumzi ya kwanza Nusra aliidhania yake. Akajizuia kuhema, akasikiliza upya. Bado ilikuwapo kwenye hedifoni: mtu mzito akivuta hewa taratibu ndani ya kibanda cha kurekodia, na kibandani hamkuwa na mtu.

Akaifuta. Alikuwa fundi wa sauti katika studio moja ya mji wa Richardson, Marekani, iliyokuwa ikiitia sauti za Kiingereza katuni ya Kijapani iliyoanza tangu yeye yuko shule Mombasa. Sasa walikuwa sehemu ya mia tisa na kumi na mbili. Carmel, mama wa Kimarekani mwepesi wa kucheka, alikuwa amemsemea shujaa mdogo wa katuni hiyo kwa miaka kumi na tisa.

Baada ya chakula cha mchana pumzi ilikuwa imerudi palepale, na kibanda kilinuka nywele zilizoungua.

"Safisha tu," Vicent, msimamizi wao, mtu wa Moshi, alimkatiza. "Hii episode inatoka Jumamosi. Majini yako yaache hukohuko Mombasa."

Carmel akaingia, akasimama mbele ya maikrofoni. Nusra akawasha mitambo. Sauti ya yule shujaa ikamjaa masikioni, tamu na kamili, ilhali nyuma ya kioo midomo ya Carmel ilikuwa imefumba. Kisha Nusra akaliona koo la mwenzake likipanda na kushuka kama la mtu anayemeza jiwe, na ile sauti ya kitoto ikakiacha Kiingereza, ikashuka, ikanenepa, ikawa ya mtu mzima mwenye chuki ya siku nyingi, ikamwita Nusra kwa jina la mamake, kwa Kiswahili ambacho Carmel hajapata kukijua maishani mwake:

"Nusra wa Bimdogo, ukinifuta tena, namnyonga huyu."

Carmel akaanguka. Alipozinduka alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Hospitali walimpima usiku kucha, hawakuona ugonjwa.

Ijumaa asubuhi akaja mjomba wake Nusra, Abdulsamad, dereva wa lori kutoka Alief, Houston, ambaye watu humwita kuwasomea wagonjwa. Carmel, aliyekwisha rudishwa nyumbani, alikuwa kitandani kwake, macho yamemtoka.

"Usimsemeshe jini huyo," mjomba alinong'ona. "Atakalokuuliza, niachie mimi."

Akasoma. Dirisha likaanza kutetema, na kinywa cha Carmel kikafunguka bila midomo kucheza.

"Mlijenga chumba kisicho na mwangwi, mkakiacha kitupu. Nimekaa. Kosa langu nini?"

"Toka."

"Niende wapi?"

Mjomba akazidisha kusoma. Shingo ya Carmel ikaanza kubonyea, kidole kimoja baada ya kingine, vidole visivyoonekana, uso ukamgeuka rangi, miguu ikapiga godoro, na Nusra, aliyemwona mwenzake akifa mbele ya macho yake, akapiga ukelele:

"Nenda popote! Popote utakapo, mwache tu!"

Dirisha likatulia. Carmel akakohoa, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Abdulsamad akafunga msahafu. "Umempa ruhusa, mwanangu," alisema taratibu. "Ile sauti yake mliyorekodi iko wapi?"

Nusra akampigia Vicent.

"Mbona iko perfect?" Vicent alicheka. "Hata kurasa ambazo Carmel hajasoma, zote zimo. Nimeshai-upload, kesho inarushwa."

"Vicent, itoe! Nakuomba, kaka."

Simu ikakatwa. Alipiga tena na tena. Vicent hakupokea.

Jumamosi saa sita mchana simu ya Nusra ikalia. Alikuwa mamake, Bimdogo, akipiga kutoka Arlington, alikokaa na Nuha, mjukuu wake wa miaka sita.

"Nusra, nani kamfunza Nuha Kiswahili? Mtoto huyu si hujibu Kizungu tu?"

Nusra akatafuta funguo za gari.

"Tangu katuni iishe anasema lugha ya wazee wa kale, maneno mengine hata mimi siyajui. Na watoto wa jirani wamekuja, wale wa Jerioth, na Wamexico wa kule juu." Sauti ya Bimdogo ikafifia. "Wamesimama sebuleni, mwanangu. Wote wanasema kwa pamoja. Wanauliza sasa waende wapi."